Kuziongoza picha za ujazo za altrasaundi kwa mwendo wa mikono: mwongozo kwa mafundi na wapimaji wa visiwani

Mpimaji wa altrasaundi aliyebobea hautazami mkono wake anapofanya kazi. Macho yako kwenye skrini, na mkono unateleza juu ya tumbo lenye jeli, unalala kidogo, unazunguka, unarudi nyuma, mpaka figo ijitokeze kwa urefu wake wote. Elimu hiyo imo mkononi mwake na imejengwa kwa miaka. Tukimletea picha ya ujazo, yaani rundo zima la mikato iliyounganishwa ikawa kitu kimoja chenye urefu, upana na kina, kisha tukamtaka aizungushe kwa kipanya na vitufe, elimu ile ya mkono hukosa kazi. Mwongozo huu unaeleza namna ya kutengeneza kiolesura kinachomrejeshea mpimaji mkono wake: anasogeza kiganja hewani, na bapa la mkato ndani ya picha linakwenda kama kiganja kinavyokwenda. Nimeuandika kwa mafundi na wapimaji wa Unguja na Pemba wanaotaka kulijaribu jambo hili kwa kompyuta ya kawaida katika mafunzo. Mfumo wa namna hii, kabla ya kuthibitishwa na mamlaka zinazohusika, hautumiki kumtolea mgonjwa majibu.

Haja yake hapa kwetu ninaiona zaidi katika kibofu cha mkojo. Kichocho kimekaa na watu wa visiwa hivi kwa vizazi, na athari zake, kama vile ukuta wa kibofu kunenepa, vivimbe kuota ndani yake, au figo kujaa maji kwa sababu mrija wa mkojo umebanwa, huonekana kwa altrasaundi. Kivimbe kidogo cha ukutani kinaweza kukosekana katika mkato mmoja na kikajitokeza waziwazi katika mkato uliolala nyuzi chache pembeni yake. Picha ya ujazo inamruhusu mwanafunzi kurudi katika kibofu kilekile mara mia, akakikata kwa kila upande, wakati mwenye kibofu ameshakwenda zake nyumbani. Tena mikono ya mpimaji mara nyingi ina glovu na jeli, na kila anapogusa kibodi anaacha uchafu au anaubeba.

Ijue picha kabla ya kuishika

Sauti husafiri katika nyama laini za mwili kwa wastani wa mita 1,540 kwa sekunde, na mashine huutumia wastani huo kugeuza muda kuwa kina. Tuseme unatazama kina cha sentimita 15. Sauti inakwenda na mwangwi wake unarudi, jumla sentimita 30, safari inayochukua karibu mikrosekunde 195 kwa mstari mmoja. Mkato wenye mistari 128 utahitaji milisekunde 25, na rundo la mikato 100 litahitaji sekunde mbili na nusu. Mgonjwa akivuta pumzi katikati ya sekunde hizo, figo husogea na kingo zake huonekana zimepindapinda, na hakuna ustadi wa kiolesura utakaoinyosha. Kwa hiyo kazi njema ya mikono huanza kwa kumwomba mgonjwa azuie pumzi.

Picha ikishaingia kwenye kompyuta huwa ni chembe za ujazo ziitwazo vokseli. Ujazo wenye vokseli 256 kwa kila upande una chembe zaidi ya milioni 16, na kwa baiti moja kila chembe hiyo ni takriban megabaiti 16 tu, mzigo ambao kompyuta ya mkononi ya miaka ya karibuni inaubeba bila shida. Jambo la kukumbuka ni kwamba uwazi wa picha haulingani pande zote. Kuelekea kina, picha ni kali. Kwa upana wake, inapungua. Na kutoka mkato hadi mkato, ni dhaifu zaidi. Mtumiaji atakapolilaza bapa ili atazame ujazo kama anayeuchungulia kutoka juu, picha itafifia, na inafaa aambiwe mapema kwamba kufifia huko hakutokani na mkono wake.

Pata ujazo wa kujifunzia

Usianze na picha za wagonjwa. Mashine nyingi huandika jina la mgonjwa kwenye kona ya picha yenyewe, si katika faili peke yake, na katika visiwa ambavyo watu wanajuana kwa ukoo na kwa mtaa, jina moja lililosahaulika linaweza kumdhuru mtu.

Tengeneza kiwiliwili cha bandia. Vitabu vingi hutaja jelatini, lakini jelatini huanza kuyeyuka joto linapozidi nyuzi 30 hivi, na wakati wa kaskazi chumba kisicho na kiyoyozi kitakuachia supu juu ya meza. Tumia agari, ile ambayo wapishi wetu huiita chaina grasi. Chemsha gramu 30 katika lita moja ya maji mpaka iyeyuke yote, ipua, kisha koroga vijiko viwili vya konifulawa ili mwangwi upate chembe za kurudia na picha isiwe nyeusi tupu. (Watu huniuliza kama mwani wetu wa Paje na Jambiani hauwezi kufanya kazi hii. Ule hutoa karagini, ambayo nayo hugandisha, ila kipimo na mwenendo wake ni vyengine, na vipimo ninavyovitoa hapa ni vya agari.) Jaza puto kwa maji mililita 200 uliyoyapima kwa makini, hakikisha hakuna hewa iliyobaki ndani, lifunge, na hicho ndicho kibofu chako. Mchanganyiko ukipoa kiasi cha kuvumilika kwa mkono, utie kwenye bakuli lenye puto, na upande mmoja wa puto weka zabibu mbichi mbili, upande wa pili moja. Zabibu hizo zina kazi kubwa mwishoni, usiziache.

Ukiwa na probu (kile kichwa cha mashine kinachoshikwa mkononi) ya kuchukua ujazo, toa faili kwa DICOM, muundo wa kuhifadhi picha za tiba, na uulize kama mashine inaweza kuutoa ujazo ukiwa umeshanyoshwa katika mihimili mitatu inayokutana kwa pembe mraba, kwani baadhi ya mashine huuhifadhi kwa umbo lao wenyewe ambalo programu nyengine hazilisomi. Ukiwa na probu ya kawaida tu, usikate tamaa. Weka rula kando ya bakuli, telezesha probu sentimita 10 kwa mwendo usiobadilika kwa muda wa sekunde 10, na urekodi kwa fremu 20 kila sekunde. Utapata mikato 200 iliyoachana nusu milimita. Ipakie katika 3D Slicer, programu ya bure inayosoma picha za tiba na inayokubali kuongozwa kwa lugha ya Python, na uiandikie masafa ya vokseli, yaani umbali kutoka vokseli moja hadi ya pili, kwa kila mhimili. Hapa ndipo wengi hukosea: ukiacha masafa yawe sawa pande zote, puto la mviringo litageuka yai kila unapozungusha bapa, na utalitafuta kosa kwenye mikono wakati liko kwenye namba tatu za mwanzo.

Chagua jicho la kuutazama mkono

Njia hii ilifunguka kwa watu wengi mwaka 2010, Microsoft ilipotoa Kinect, kamera inayofuata mwendo wa mwili, kwa ajili ya michezo na watafiti wakaichukua kuijaribu hata katika vyumba vya upasuaji. Mwaka 2013 kilikuja kifaa kidogo cha Leap Motion chenye kamera mbili za miale ya infraredi isiyoonekana kwa macho, kinachokaa mezani na kuona vidole vilivyo juu yake kwa umbali wa sentimita 60 hivi. Siku hizi kamera ya kawaida ya kompyuta inatosha kuanzia, kwa sababu programu ya MediaPipe ya Google, iliyofunguliwa kwa watu wote mwaka 2019, hutambua nukta 21 za mkono mmoja: nukta 0 ni kifundo cha mkono, 4 ni ncha ya kidole gumba, 8 ni ncha ya kidole cha shahada, na kadhalika mpaka 20 kwenye ncha ya kidole cha mwisho.

Ushauri wangu ni kuanza na kamera ya kawaida na kuujua udhaifu wake. Kamera moja hukisia tu kina cha mkono, hivyo usiutegemee mwendo wa kwenda mbele na kurudi nyuma kwa kazi yoyote ya usahihi. Ukihitaji mwendo huo, tafuta kifaa cha infraredi, lakini kumbuka kwamba jua lina infraredi nyingi, na dirisha lililo wazi la mashariki wakati wa asubuhi litakivuruga. Kwa kamera ya kawaida, dirisha liwe ubavuni mwa mtumiaji, lisiwe nyuma yake. Yaepuke kabisa mafunzo ya zamani yanayotafuta mkono kwa rangi ya ngozi. Kwetu sisi mikono ina weusi wa daraja nyingi, na baada ya harusi au sikukuu ina hina na piko mpaka kwenye ncha za vidole; mfumo unaojua rangi moja utawatumikia wachache na kuwafukuza wengine. Jaribu kwa mikono yenye piko, yenye glovu zilizolowa jeli, na yenye mkono mrefu wa buibui ulioshuka hadi kiganjani, kabla hujasema kazi imekwisha.

Kiganja kiwe bapa, na mkono wa kushoto ushike ujazo

Hapa ndipo pa kukaa na kufikiri kwa muda mrefu. Mpimaji anazo harakati chache anazozijua kwa probu: kutelezesha, kulaza upande huu na huu ili kufagia mikato, kuzungusha papo hapo, na kutikisa kwa kuinua ncha moja. Kiolesura kizuri huzichukua harakati hizo zilivyo. Usibuni ishara mpya za kukariri, kama vile vidole viwili kwa kukuza au ngumi kwa kubadili rangi, kwa sababu kila ishara ya kukariri humtoa mpimaji kwenye picha na kumrudisha kwenye mkono wake, na hilo ndilo tulilotaka kuliepuka.

Mwaka 1994 mtafiti Ken Hinckley na wenzake walionesha jambo ambalo bado linanifundisha. Daktari wa upasuaji wa ubongo alishika kichwa cha mwanasesere kwa mkono mmoja na kibao kwa mkono wa pili, vyote viwili vikiwa na vihisi, na alipoweka kibao karibu na kichwa, skrini ilionesha mkato wa ubongo mahali pale pale. Hakuhitaji kufundishwa. Mtafiti mwengine, Yves Guiard, alikuwa ameshaeleza mwaka 1987 kwamba mikono yetu miwili hugawana kazi kwa mpango: usio na nguvu huweka mahali, na wenye nguvu hufanya kazi ndogondogo ndani ya mahali hapo. Mtazame muuza machungwa wa kando ya barabara anavyomenya. Kisu hakiendi mbali. Mkono wa kushoto ndio unaoligeuza chungwa, na wa kulia unakifuatisha kisu kwa uangalifu. Basi mkono wa kushoto uwe na ujazo na wa kulia uwe na bapa, na kwa mwenye kutumia kushoto, programu ibadilishane kazi hizo kwa kitufe kimoja.

Kulipata bapa kutoka kwenye kiganja ni hesabu nyepesi. Chukua nukta 0, nukta 5 iliyo chini ya kidole cha shahada, na nukta 17 iliyo chini ya kidole cha mwisho. Nukta hizo tatu zinafanya pembetatu ya kiganja, na zao mtambuka la pande zake mbili linakupa mshale ulio wima juu ya kiganja, nao ndio mwelekeo wa bapa. Mzunguko uuhifadhi kwa kwaternioni, namba zenye sehemu nne alizozibuni William Rowan Hamilton mwaka 1843, kwa sababu pembe tatu za kawaida hugongana mkono unapofika wima na picha huruka ghafla.

Usiufunge mkono na bapa moja kwa moja. Mtumiaji anapoanza kushika, hifadhi mwelekeo wa mkono na mwelekeo wa bapa wakati huo, na tangu hapo lizungushe bapa kwa kiasi ambacho mkono umezunguka tangu ulipoanza. Kwa njia hii anaweza kuachia, akarudisha mkono mahali pa kumstarehesha, akashika tena na kuendelea, kama anayefungua mfuniko wa chupa kwa mafungu. Hilo ni la lazima, kwani kifundo cha mkono kina mwisho wa kuzunguka na figo haina.

Kushika na kuachia

Mfumo usiojua lini mkono unasema na lini umenyamaza hauna faida. Katika jaribio letu la mwanzo huku Pemba, mpimaji alikuwa ameupata mkato mzuri kabisa wa puto, mtu akapita dirishani akatoa salamu, na mpimaji akanyanyua mkono kuitika. Picha ikapinduka na mkato ukapotea. Kwa watu ambao salamu haipiti bila jibu, na ambao mazungumzo yao yana mikono ndani yake, hili litatokea kila saa, na kosa ni la fundi aliyetengeneza mfumo.

Njia ya kwanza ya kushika ni kubana kidole gumba na cha shahada. Pima umbali baina ya nukta 4 na 8, ugawe kwa umbali baina ya nukta 0 na 9 ili ukubwa wa mkono usiwe na athari, na uweke vizingiti viwili: mimi huanza na 0.25 kwa kushika na 0.40 kwa kuachia. Kizingiti kimoja hufanya mfumo ushike na kuachia kwa kutetemeka pale vidole vinapokuwa mpakani. Hata hivyo kubana vidole kunakibadili kiganja kidogo, na bapa huteleza wakati uleule mtu anapotaka kuliacha. Irudishe hali iliyokuwepo sehemu ya kumi ya sekunde kabla ya kuachia, na mtelezo huo utaondoka.

Njia ya pili, ambayo mimi ninaipendelea, ni kanyagio la mguu kama la cherehani. Mguu ukikanyaga, mkono una nguvu juu ya picha. Ukiinuka, mkono uko huru kuitika salamu. Kanyagio la USB hujitambulisha kwa kompyuta kama kitufe cha kibodi, na likikosekana, fungua kibodi kuukuu, unga nyaya mbili kwenye kitufe kimoja, na uzipeleke kwenye swichi ya kengele ya mlango iliyofungwa juu ya kibao. Kufuta, kuhifadhi na kuthibitisha kipimo visipewe ishara ya mkono hata kidogo.

Tuliza mtetemo

Mkono wa kila mtu hutetemeka, takriban mara 8 hadi 12 kwa sekunde, na kamera huongeza mtetemo wake. Tumia kichujio cha yuro moja (kwa Kiingereza 1€ filter), kilichochapishwa mwaka 2012, ambacho huchuja sana mkono unapotulia na kidogo unapokwenda kasi. Kina namba mbili za kurekebisha, ya kwanza huitwa mincutoff na ya pili beta. Weka ya pili sifuri, tuliza mkono, na uipunguze ya kwanza kutoka 1 mpaka bapa litulie. Kisha endesha mkono kwa kasi na uongeze ya pili mpaka bapa lisibaki nyuma. Ucheleweshaji wote, tangu kamera hadi skrini, usizidi milisekunde 100, na kamera ya fremu 30 imeshakula 33 kabla hujafanya lolote. Ukibanwa, punguza ukali wa picha mkono unapokwenda na uurudishe unapotulia.

Mwendo wa kutelezesha uupunguze kwa nusu, sentimita 10 za mkono ziwe 5 za ujazo. Mzunguko usiupunguze wala kuuongeza.

Hakikisha kulia ni kulia

Kamera za kompyuta kwa kawaida huionesha sura yako kama kioo. Mfumo usipojua kama picha imegeuzwa au haikugeuzwa, mkono wa kulia unaweza kuitwa wa kushoto na bapa likazunguka kinyume. Baadhi ya mafundi hurekebisha kwa kuupindua ujazo, na hapo wanazalisha kosa baya kuliko yote katika kazi hii, kwa sababu figo ya kulia itaonekana kuwa ya kushoto na kila kitu kingine kitaonekana sawa. Sasa zitazame zabibu zako. Upande wenye mbili kwenye bakuli uwe wenye mbili kwenye skrini, katika kila mwelekeo, na alama ya upande ibaki konani mwa picha muda wote.

Kisha pima puto. Tafuta kwa mkono mkato mrefu kuliko yote na mkato mpana kuliko yote, zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, na jibu hilo ulizidishe kwa 0.52. Unapaswa kukaribia 200. Mimi siridhiki na tafauti inayozidi asilimia 10, na inapozidi hurudi kwenye masafa ya vokseli kwanza, halafu kwenye kasi ya kutelezesha probu.

Mwisho mkalishe mpimaji ambaye hajauona mfumo, kiwiko chake kikiwa juu ya meza na mkono ukiwa chini ya bega, kwa sababu mkono ulioning'inia hewani huchoka kwa dakika chache. Mwombe alitafute puto na usimweleze namna. Andika muda aliotumia, mara ngapi aliinua mguu, na mara ngapi bapa lilikwenda asikotaka. Katika chumba chetu alikaa mama mmoja wa Chake Chake aliyeshika probu tangu ujana wake, ambaye sote tunamwita Bi Mkubwa. Alikilaza kiganja, akakisukuma kuelekea kule kiganja kilikoelekea, na bapa likaenda moja kwa moja kulia kwa sababu nilikuwa nimeufunga mwendo wa kuteleza na mihimili ya skrini. Aliniuliza mbona limekwenda pembeni ilhali yeye ameingia ndani. Jioni ile niliufunga mwendo huo na mshale wa kiganja chenyewe, na kesho yake alilipata puto na zabibu zote tatu kabla sijakaa.